Mkanda Ambao Haujakatika

Chebet mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya kiti cha gari ambacho gari lake halipo. Kimewekwa hapa gereji, chini ya mabati, kwa ajili ya wateja wanaongoja, na kusema kweli ni kizuri kuliko viti vyetu vya sebuleni. Mbele yangu Chelel, gari letu, amefunguliwa mdomo, na Fundi Odhiambo amezamisha kichwa humo mpaka mabegani kama mtu anayetafuta ng'ombe wake katika zizi la jirani. Nje mvua ya mchana imeanza, ile ya kila siku, na Kaplong yote imekimbilia kwenye vibaraza.

Najua umenikasirikia. Umetoka kuoga asubuhi ukakuta gari halipo na mama hayupo, na kwa kuwa una akili ukajua hao wawili wameondoka pamoja. Umenipigia simu, nikaitazama ikilia mpaka ikachoka. Nilijua ungesema nini kwa sababu ulishasema jana ukikunja nguo.

"Mum, gari iko sawa! Haina kelele, haina moshi, inawaka mara moja. Sasa unataka kutengeneza nini?"

"Mkanda wa taimingi."

"Umekatika?"

"Haujakatika."

"Basi!"

Na baba yako, pale kwa kona na kikombe chake, akaongeza lake: "Mimi naona hiyo tungoje bonus ya chai."

Kwa mdomo siwezi kukujibu, Chebet. Kwa mdomo hunishinda tangu ukiwa darasa la tatu. Lakini kwa karatasi naweza kusema mpaka mwisho bila mtu kuniambia "Basi!" Nimenunua karatasi hizi duka la ng'ambo ya barabara, na mchana wote ni wangu.

Kesho asubuhi unaondoka na Chelel kwenda Maralal kuwa daktari wa mifugo ya watu. Sitakuambia habari za sweta, wala kula vizuri, wala kupiga simu ukifika. Hayo baba yako amekuwa akikupa tangu Jumapili, na jana alifika mpaka namna ya kufunga komeo la mlango wa nyumba ambayo hajawahi kuiona. Mimi nina neno moja tu: kwa nini nimelipeleka kwa fundi gari lisiloumwa siku moja kabla ya safari. Ila unanijua, nitazunguka kidogo kwanza.

Ndani ya injini kuna pistoni chini, zinapanda na kushuka. Juu kuna valvu, zinafungua na kufunga. Nafasi yao ni moja, na hupishana humo kama mashemeji katika jiko dogo: mmoja akiingia, mwingine awe ameshatoka. Anayewapangia zamu ni mkanda wa mpira wenye meno, umefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki. Ukikatika, gari halizimiki tu ukaliwasha tena. Pistoni inapanda na kuikuta valvu bado iko mlangoni, na inaipinda. Injini nzima inageuka kuwa chuma cha kuuza kwa kilo.

Na mkanda huo haukohoi. Breki hulia. Betri huchelewa asubuhi kama mlevi. Tairi huonyesha upara hadharani. Mkanda wa taimingi hufanya kazi yake vizuri kabisa mpaka dakika ile unapokatika, na ukiuliza watu ulikuwaje kabla ya hapo, watakuambia haukuwa na neno.

Haya si mapya kwako. Wewe mwenyewe ulikuwa kiti cha nyuma siku ile ya koito ya kaka yako Kiprono, tulipokuwa tukienda kumwombea mchumba kule ng'ambo ya Merigi. Ulikuwa umeshika kibuyu cha maziwa ya mursik magotini kama mtoto mchanga. Mbele alikaa baba yako mkubwa, msemaji wetu, amevaa koti lake la kanisani na kofia iliyopigwa brashi. Baba yako alikuwa kando yako akihesabu ng'ombe kimoyomoyo. Tulipokuwa tukipanda ule mlima nikasikia "tak", kama mtu amevunja ganda la maharagwe. Halafu kimya.

"Mama Kiprono," baba yako mkubwa akaniuliza bila kugeuza shingo, "hii gari imelala ama imekufa?"

"Imelala, mzee."

Nikajaribu kuiwasha. Stata ikazunguka mbio, nyepesi, bila kushika kitu, kama mtu anayecheka peke yake. Nikajaribu tena. Na tena. Kila nilipojaribu nilikuwa nazidi kuharibu, lakini ningefanyaje, wazee wananitazama.

Kilichotuokoa ni lori la majani. Unakumbuka tulivyokaa juu ya magunia ya majani mabichi, wewe na kibuyu chako, na baba yako mkubwa ameshikilia kofia kwa mikono yote miwili? Tukashuka mbele ya boma la watu na majani ya chai kwenye nywele, kwenye kola, kwenye masikio. Shangazi wa msichana, yule mrefu, akatoka jikoni akatutazama kutoka juu mpaka chini.

"Hawa," akasema, "wamekuja kuposa, ama wamekuja kupimiwa kilo?"

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Lakini baba yako mkubwa hakuchaguliwa kuwa msemaji bure. Akavua kofia, akakung'uta.

"Tupime, mama. Sisi ni majani mawili na chipukizi. Hakuna takataka."

Boma zima likacheka, na wewe unajua kwamba posa iliyoanza kwa kicheko haikwami. Kiprono ana mke na mke ana Kiprono, na mpaka leo shangazi yule akiniona sokoni huuliza kama nimekuja na mizani.

Kwa hivyo watu husema ile siku ilikuwa ya baraka. Sawa. Baraka ilikuwa ya Kiprono. Mimi gari langu lilirudi nyumbani likivutwa kwa kamba, likakaa nyuma ya nyumba kando ya nyasi za nepia mpaka kuku mmoja akalipokea kama urithi wake na kuanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Msimu mzima, mpaka tukapata injini nyingine, nilipeleka maziwa kwa punda. Punda yule alikuwa na mawazo yake. Akifika kwenye daraja husimama kutafakari, na hakuna fimbo iliyoweza kumharakisha. Maziwa yakafika yamechelewa, yakarudishwa. Mwaka ule tulikunywa chai nzito kama wafalme na hatukuwa na raha nayo hata kidogo.

Na nilikuwa nimeambiwa, hiyo pia unaijua, maana baba yako huisimulia kila Krismasi. Fundi huyuhuyu alikuwa anabadilisha oili, akaniambia, "Mama Kiprono, mkanda wa taimingi umefikisha kilomita zake." Nikamuuliza, unalia? Haulii. Unaonekana? Hauonekani. Basi nikamwambia kile ambacho sisi watu wa majani huambia kila kitu: tungoje bonus.

Chebet, huko unakokwenda hawana bonus, kwa hivyo utakapowaeleza watashangaa. Waambie kwetu kuna siku moja katika mwaka, chai ikilipwa, ambayo kila kitu kitarekebishwa. Paa linalovuja linangoja siku hiyo. Jino linalouma linangoja. Kuna watu wamechumbiana tangu miti ikiwa midogo, wanangoja. Na siku ikifika, inamkuta kila mtu amesimama mlangoni na shida iliyovunjika mkononi, na yule ambaye shida yake haijavunjika anaambiwa arudi nyuma ya mstari. Bonus ile ikawa tangi la maji. Iliyofuata ikawa ng'ombe. Mkanda wangu haukuwa na mtu wa kuusemea, kwa sababu ulikuwa mzima.

Nimefikiri sana kwa nini sikumsikiliza fundi, na sidhani ilikuwa ni ukosefu wa pesa. Ilikuwa aibu. Mtu anayetengeneza kilichovunjika watu humwita mwenye bidii. Anayetengeneza kisichovunjika humwita mwenye wasiwasi. Mimi nilipenda kuitwa mwenye bidii.

Na si kwamba sikuwa nimefundishwa. Nilipoolewa hapa, Gogo yako, mama ya baba yako, Mungu amrehemu, alinipa panga la kupogolea akanionyesha shamba la kando ya barabara. "Kata yote, mpaka hapa," akasema, akashika kando ya goti lake. Nikakata. Lakini nilipofika mistari ile ya chini karibu na kijito, ilikuwa imechanua kijani ya kuvutia macho, inatoa majani kila zamu. Nikaona ni dhambi. Nikaiacha. Jioni Gogo akaja na fimbo yake, akatazama pale nilipokata, pamebaki vijiti kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na kaka yake. Akatazama mistari niliyoiacha.

"Hii umeiacha kwa nini?"

"Bado inazaa, Mama."

"Mm," akasema, akaenda zake.

Hakunikemea. Aliniachia ile mistari iwe yangu. Mwaka uliofuata ilinifika kifuani, nikawa nachuma nimenyoosha mikono kama mtu anayeanika nguo, na juu kulikuwa na majani makavu ya banji, yale ambayo chipukizi lake limekataa kukua. Kule nilikokata, michai ilirudi mipana na sawa kama meza. Gogo alikuwa akinipita na kikapu chake kimejaa, ananisalimia kwa heshima nyingi. Ile heshima ndiyo iliyouma.

Kwa hivyo nilijua. Nilijua kwa chai, sikujua kwa gari. Mtu anaweza kujifunza jambo kabisa katika shamba moja na akaingia shamba la pili akiwa mjinga vilevile. Ukikuta umefanya kosa la aina hiyo huko Maralal, usishangae sana, umelirithi.

Jambo la nyumbani pia nililichelewea, ingawa hilo halikukatika. Mimi na baba yako kuna wakati tulikuwa wazuri sana, hatugombani, hatuulizani, kila mtu na kazi yake. Majirani walitusifu. Halafu siku moja nikatambua sijui baba yako anafikiri nini kuhusu kitu chochote isipokuwa mvua. Hakukuwa na shida, Chebet. Hilo ndilo lililonitia baridi. Nikamwambia, Jumapili baada ya kanisa tuwe tunaketi nje, kila mtu aseme kitu kimoja kidogo kinachomkera. Alicheka, akasema hana. Nikamwambia atafute. Ya kwanza alisema nakoroma. Mimi nikasema anafunga kibanda cha kuku vibaya. Tangu hapo tumefika mbali. Jumapili iliyopita alikuwa na matatu, na moja lilikuwa la kweli. Wewe ulidhani tunaketi pale kuota jua.

Ngoja kidogo, fundi ananiita.

Nimerudi. Nitakuambia lililotokea kama lilivyo, ingawa halinisaidii.

Fundi ametoa mkanda. Nilikwenda mbio nikiwa na tamaa, maana nilitamani kuona uozo. Nilitaka nyuzi zinaning'inia, meno yamelegea, kitu cha kukuletea nyumbani nikiweke mezani bila kusema neno. Akaniwekea mkononi. Mweusi, mzito kidogo, meno yote mahali pake.

"Mbona ni mzima?" nikamuuliza.

"Si ni mzima."

"Hata haujapasuka?"

Akaupinda kinyumenyume kwenye mwanga. "Labda nyufa ndogo, ukitaka sana."

"Nataka sana."

Akatafuta, akageuza, akatafuta. "Hakuna, mama. Nisikudanganye."

"Basi ungedumu mpaka lini?"

"Hiyo ningeijua ningekuwa nabii, saa hii ningekuwa na kanisa na gari kubwa. Kilomita zake umefikisha, na miaka yake umefikisha. Pengine ungeenda mwaka mwingine. Pengine ungeishia njiani, Rumuruti."

Akaenda kuleta mkanda mpya na pampu ya maji, kwa sababu pampu imekaa hukohuko ndani na ni ujinga kufungua nyumba nzima ukaacha mgonjwa wa pili kitandani. Nikabaki na ule wa zamani. Na kitini pale nilitoa ufunguo wa nyumba, nikaweka ncha yake kwenye mpira, kati ya jino na jino. Mkwaruzo mmoja tu ungetosha. Au miwili. Ungeona nyufa, ungesema, "Woi, Mum, kumbe!" na tungelala kwa amani.

Nikaanza kucheka peke yangu mpaka mama mmoja aliyejikinga mvua akasogea mbali. Nimetoka ujanani mpaka huku uzeeni nikijaribu kujifunza kutengeneza kitu kizima, halafu nataka kukivunja ili nipate sababu ya kukitengeneza. Nikarudisha ufunguo mfukoni. Nitakuletea mkanda kama ulivyo. Uutazame, uupinde, useme nimepoteza siku yako ya mwisho nyumbani. Hutakuwa umekosea, na sitakuwa na jibu.

Lakini jibu la upande mmoja ninalo, na ndilo nililokuwa nikilizungukia. Juzi ulisema pengine ungoje, nafasi itapatikana karibu, Bomet ama hata Chebunyo, kule kuna ng'ombe wengi pia. Baba yako aliruka juu kwa furaha. "Kwani hapa kuna shida gani?" akasema. Na kweli hakuna. Tangu umalize chuo umekaa nasi vizuri, unanisaidia kukama, unamcheka baba yako, nyumba ina sauti. Nimeona watoto wanaoondoka nyumbani siku ambayo kitu kimekatika. Wanaondoka na mlango umebamizwa, na kurudi kwao huwa kugumu hata wakiitwa. Sisi hatujafika huko na sioni dalili yoyote. Ndiyo sababu nataka uende kesho. Nikingoja dalili nitakuwa nimengoja bonus.

Na niseme yote: ile juzi uliposema hivyo, moyo wangu nao uliruka na wa baba yako. Chelel angekuwa sababu nzuri. "Gari halijaangaliwa, Chebet, ngoja wiki ijayo." Wiki moja, halafu mvua, halafu zamu ya kuchuma. Ningeweza kukuweka hapa kwa upole mpaka uote mizizi. Kwa hivyo nilichukua ufunguo asubuhi ili sababu hiyo nisiwe nayo mimi kwanza.

Sasa fundi ameanza kuvisha mkanda mpya. Kuna alama ndogo chini na alama ndogo juu, na lazima zitazamane sawasawa. Anaimba besi yake ya kwaya chini kwa chini. Akinyamaza najua amefika pagumu. Amenyamaza. Anazungusha injini kwa mkono, kwa spana, polepole, kuona kama kuna kinachogusana. Amesimama.

Amesema "Jino moja." Mkanda umekaa mbele kwa jino moja. Kama angeiwasha hivyo, injini ingetetema na kukosa nguvu, na yeye hataki kubahatisha. Anaufungua tena.

Amerudia. Amezungusha kwa mkono mizunguko yote, amekagua alama, akaizungusha tena. Mvua imekatika na watu wanarudi barabarani. Akanyoosha mgongo, akanipa ufunguo.

"Washa, mama."

"Washa wewe. Mimi nina historia."

Akacheka, akaingia, akawasha.

Nimemwendesha Chelel mpaka karibu na Sotik na kurudi, na namalizia barua hii nikiwa nimeegesha kando ya barabara chini ya nyumbani, kabla hujaniona. Nilisikiliza kwa masikio yote mlimani na kwenye mteremko. Hakuna tofauti. Sauti ni ileile, nguvu ni ileile, hata ile harufu ya maziwa kiti cha nyuma ni ileile. Kesho ukiwasha utasikia gari lilelile la jana, na utafikiri hukupewa kitu.

Kuna siku mahali fulani huko mbele, Chebet, ambayo ule mkanda wa zamani ungekatika. Haijulikani ni ipi. Itapita. Utakuwa njiani na vifaa vyako, mahali ambapo hakuna nyumba wala mtu, pengine unakula ndizi, pengine unaimba vibaya kama kawaida yako, na hutajua kwamba ndiyo leo. Nami nitakuwa shambani nikichuma, na sitajua pia. Utafika ulikokuwa unakwenda, utatibu ng'ombe wa mtu, utarudi.

Naja nyumbani sasa. Weka maji ya chai.

Mama yako